Lugha Ndani ya Faili: Uundaji wa Faili za Kupakua katika Programu za Wavuti za Python na Nafasi ya Kiswahili Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Mijadala ya kukifanya Kiswahili lugha ya utendaji serikalini hujikita zaidi katika shule, vyombo vya habari na kurasa zinazoonekana kwenye skrini. Makala hii inachunguza eneo ambalo halijapewa uzito huo: faili ambazo mtumiaji hupakua kutoka katika programu za wavuti, kama vile lahajedwali, orodha na taarifa za PDF. Kwa kuchukua programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python na zinazotumika Afrika Mashariki, na kwa kuutazama mji mdogo wa Busiu karibu na Mbale kama mahali pa kupimia hoja, makala inaeleza jinsi faili inavyoundwa, hatua ambazo Kiswahili hupotea, na namna ya kuzuia upotevu huo. Inahitimisha kwamba lugha ya faili ni uamuzi tofauti na lugha ya skrini, na kwamba sera isiyoitaja faili huacha uamuzi huo kwa mipangilio ya awali ya kompyuta.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2005, marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliridhia kutekeleza maelekezo ya wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu matumizi ya Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya. Hatua hizo zimeibua swali la utekelezaji: Kiswahili kinapoingia ofisini, kinaingia kupitia wapi?

Sehemu kubwa ya kazi ya ofisi leo hufanyika kwa faili. Mtumishi hufungua ukurasa, hubonyeza kitufe cha kupakua, kisha huendelea na faili aliyoipata. Huichapisha, huituma kwa barua pepe, huipeleka kwenye kikao, au huihifadhi kwa ajili ya mkaguzi. Ukurasa husomwa kwa dakika chache, ilhali faili hudumu kwa miaka na husomwa na watu ambao hawakuwahi kuuona ukurasa wenyewe. Kwa hiyo, anayetaka kujua lugha halisi ya utawala hana budi kuzichunguza faili.

Makala hii ina malengo mawili. La kwanza ni kueleza, kwa lugha ambayo mtafiti asiye mhandisi anaweza kuifuata, namna programu ya wavuti ya Python inavyounda faili ya kupakua. La pili ni kuonyesha hatua mahususi ambazo uamuzi wa lugha hufanyika, ili washauri wa sera waweze kuzitaja kwa majina yake.

2.0 Muktadha: Busiu kati ya Mbale na Tororo

Busiu ni mji mdogo ulio kusini mwa Mbale, kwenye barabara iendayo Tororo. Wenyeji wake wengi huzungumza Lumasaba, lugha iliyo na uhusiano wa karibu na Kibukusu kinachozungumzwa ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Kenya. Upande wa Jinja, Lusoga ndiyo lugha ya wenyeji. Kaskazini na mashariki ya Tororo, Ateso inasikika. Kiswahili katika ukanda huu si lugha ya kwanza ya wengi. Ni lugha ya soko, ya madereva, ya askari na ya wanaovuka mpaka wa Malaba. Kiingereza ni lugha ya fomu.

Busiu ina kituo cha afya cha ngazi ya nne, ngazi ambayo katika mfumo wa Uganda huwa juu ya vituo vya ngazi ya pili na ya tatu na chini ya hospitali. Taarifa za kituo cha namna hiyo hupanda hadi ofisi ya wilaya, kisha hadi Wizara ya Afya mjini Kampala. Mwaka 2011 Wizara, ikishirikiana na UNICEF na wadau wengine, ilianzisha mfumo wa mTrac ambao uliwawezesha wahudumu wa afya kutuma kwa ujumbe mfupi wa simu takwimu za kila wiki za magonjwa na hali ya dawa. Mfumo huo ulijengwa juu ya RapidSMS, programu huria iliyoandikwa kwa Python kwa kutumia kiunzi cha Django. Baadaye ilikuja RapidPro, nayo ya Python na Django, iliyotengenezwa na UNICEF kwa ushirikiano na Nyaruka, kampuni ya programu ya nchini Rwanda.

Kwa hiyo Python si jambo la mbali kwa msomaji wa ukanda huu. Ujumbe wa mhudumu wa kijijini umekuwa ukipokelewa, ukichambuliwa na kugeuzwa jedwali na programu za aina hii kwa zaidi ya muongo mmoja. Kinachobaki ni kuuliza jedwali hilo hutoka likiwa katika lugha gani.

3.0 Faili inavyoundwa

Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kupakua, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva. Mara nyingi faili anayoiomba haipo bado. Programu husoma kumbukumbu zinazohusika kutoka katika hifadhidata, huzipanga katika safu, huziandika katika umbo la faili, kisha huzirudisha kama jibu. Jibu hilo hubeba maelezo mawili muhimu kabla ya data yenyewe. La kwanza, `Content-Type`, hukiambia kivinjari aina ya faili. La pili, `Content-Disposition`, hukiambia kwamba yaliyomo yahifadhiwe badala ya kuonyeshwa, na humpa jina la faili. Maelezo haya yakikosekana, kivinjari huweza kumwonyesha mtumiaji ukurasa uliojaa mikato na namba pale alipotarajia lahajedwali.

Uandishi wa faili hutegemea umbo lake. Faili ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, huandikwa kwa moduli ya `csv` iliyomo ndani ya Python yenyewe. Lahajedwali la XLSX huandikwa kwa maktaba kama openpyxl. Taarifa ya PDF huandikwa kwa ReportLab, au hutungwa kwanza kama ukurasa wa HTML na kugeuzwa na WeasyPrint. Faili ndogo huweza kuundwa katika kumbukumbu ya kompyuta bila kugusa diski, kisha Django huirudisha kwa `FileResponse` na Flask kwa `send_file`.

Faili kubwa huhitaji njia nyingine, na zipo mbili. Njia ya kwanza ni kutiririsha: programu hutuma safu moja baada ya nyingine bila kungoja zote zikamilike. Njia ya pili ni kazi ya nyuma: ombi huwekwa kwenye foleni, programu nyingine huiunda faili kwa wakati wake, kisha mtumiaji hupelekewa kiungo. RapidPro hufuata njia hii ya pili. Anayeomba orodha ya ujumbe au ya majibu hupokea barua pepe yenye kiungo pindi faili inapokuwa tayari.

Mahali ambapo mtandao hukatika mara kwa mara, njia ya pili ina faida ya ziada. Faili iliyokwisha kuhifadhiwa yaweza kutolewa na seva kama Nginx, inayoruhusu upakuaji uliokatika katikati kuendelea pale ulipoishia. Faili inayotiririshwa ikiundwa papo hapo kwa kawaida haina fursa hiyo. Mtumiaji huanza upya, na hulipia data upya.

4.0 Kiswahili kinapopotea

Tuchukue mfano wa kubuni. Programu ya wilaya imetafsiriwa kikamilifu. Menyu, vitufe na maelekezo yote ni ya Kiswahili. Mhudumu wa Busiu anabonyeza "Pakua taarifa ya mwezi". Faili anayoipata ina vichwa vya safu vya Kiingereza, majina ya watu yaliyoharibika, namba za simu zisizo na sifuri ya mwanzo, na saa zisizoeleweka. Kila kasoro ina chanzo chake, na hakuna hata moja inayotokana na upungufu wa Kiswahili.

4.1 Lugha ya kazi ya nyuma

Django ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, kwa msimbo `sw`. Lugha ya kila ombi huchaguliwa kwa kutazama mipangilio ya kivinjari au chaguo la mtumiaji, na hudumu kwa muda wa ombi hilo tu. Kazi ya nyuma haina kivinjari wala ombi. Inapoanza kuandika faili, hurejea kwenye lugha ya msingi ya programu, ambayo katika mradi mpya wa Django ni Kiingereza cha Marekani. Ndiyo maana ukurasa uliotafsiriwa huweza kuzaa faili isiyotafsiriwa, ingawa tafsiri zote zimo ndani ya programu.

Tiba yake ni fupi: lugha ya mtumiaji ihifadhiwe pamoja na ombi lake kwenye foleni, na kazi ya nyuma iiwashe kabla ya kuandika neno la kwanza. Katika Django hili hufanywa kwa `translation.override`. Ni mstari mmoja wa msimbo, lakini hauandikwi ikiwa hakuna aliyeagiza kwamba faili nazo ni sehemu ya huduma.

4.2 Herufi

Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama za juu, jambo linalowafanya watengenezaji waamini kwamba suala la usimbaji halikihusu. Imani hiyo haina msingi. Ritifaa ya "ng'ombe" huandikwa na simu nyingi kama alama iliyopinda, ambayo ni herufi tofauti katika Unikodi. Aidha, faili za Uganda hubeba majina ya lugha jirani, na othografia ya Luganda hutumia herufi ŋ.

Faili ya CSV haisemi yenyewe imesimbwa vipi. Ikiandikwa kwa UTF-8 bila alama ya utambulisho mwanzoni, kisha ikafunguliwa kwa Excel katika kompyuta ya Windows kwa kuibonyeza tu, Excel huweza kuidhania kuwa ni ya usimbaji wa zamani wa Ulaya Magharibi. Hapo ŋ hugeuka "Å‹", na ritifaa iliyopinda hugeuka "â€™", hivyo neno husomeka "ngâ€™ombe". Katika orodha ya mifugo hilo ni jambo la kukera. Katika orodha ya wagonjwa linaweza kumfanya mtu mmoja ahesabiwe kuwa wawili. Python hutoa usimbaji uitwao `utf-8-sig`, unaoweka alama hiyo ya utambulisho. Lahajedwali la XLSX halina tatizo hili, kwa kuwa umbo lake hutaja usimbaji wake.

PDF ina tatizo la aina nyingine. Fonti za msingi za umbo hilo, kama Helvetica, zikitumiwa kwa usimbaji wake wa kawaida hazibebi ŋ. Mahali pake hutokea kisanduku au pengo. Inabidi fonti yenye herufi hiyo, kama Noto Sans au DejaVu Sans, ipachikwe ndani ya faili.

4.3 Upatanisho wa kisarufi

Tatizo la tatu ni la kiisimu zaidi, na ndilo wanaisimu wanaloweza kulitatua kuliko wahandisi. Mtengenezaji anayefikiri kwa Kiingereza hupenda kuandika kiolezo kimoja cha sentensi chenye nafasi mbili, moja ya idadi na nyingine ya kitu, akitarajia kitenzi kibaki vilevile. Katika Kiswahili kitenzi hufuata ngeli: mtoto *amesajiliwa*, kituo *kimesajiliwa*, jina *limesajiliwa*, chanjo *imesajiliwa*, na katika wingi, watoto *wamesajiliwa*, vituo *vimesajiliwa*. Mfumo wa tafsiri wa gettext, ambao Django huutumia, hushughulikia umoja na wingi. Hauna habari na ngeli. Kiolezo kimoja hutoa sentensi sahihi kwa nomino moja na sentensi mbovu kwa nyingine zote.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino, jambo linalowezekana pale nomino zinapokuwa chache. Ya pili ni kutumia muundo ambao neno kuu halibadiliki. Katika "Idadi ya watoto", "Idadi ya vituo" na "Idadi ya chanjo", upatanisho unafuata *idadi*, hivyo "iliyosajiliwa" hubaki ileile katika vichwa vyote. Muundo huu unafaa vichwa vya safu kwa sababu ni sanifu, ni mfupi na hauhitaji programu ijue ngeli.

Ufupi nao ni sharti la kiufundi. Jina la karatasi ndani ya lahajedwali la Excel haliwezi kuzidi herufi 31. "Taarifa ya Chanjo kwa Watoto wa Chini ya Mwaka" ni herufi 46, pamoja na nafasi. Anayetafsiri bila kuambiwa mpaka huu hutoa tafsiri nzuri ambayo programu huikata katikati au huikataa. "Chanjo chini ya mwaka" ingetosha.

4.4 Saa na namba

Maktaba zinazotoa tarehe na saa kwa lugha mbalimbali, kama Babel ya Python, huchota data zake kutoka katika hazina ya CLDR ya Unikodi, ambayo ina maelezo ya Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Majina ya miezi na siku hutoka vizuri. Saa ndiyo yenye mtego. Maktaba hizo hutafsiri majina ya vipindi vya siku bila kubadili hesabu, hivyo saa ya kimataifa 8:00 hubaki 8:00, ilhali msemaji wa Kiswahili huiita saa mbili asubuhi. Kinyume chake, mhudumu akiandika kwa mkono "saa 2:00", programu huipokea kama saa nane usiku. Katika faili ya takwimu, suluhisho salama ni mfumo wa saa 24 pamoja na kichwa kinachotaja mfumo huo waziwazi; saa ya Kiswahili iachwe kwa maelezo yanayosomwa na binadamu.

Namba za simu za Uganda zinazoanza na 07 hupoteza sifuri yake Excel inapozichukulia kuwa kiasi cha kuhesabiwa. Katika XLSX, seli hizo ziandikwe kama maandishi. Tahadhari hiyohiyo inahusu maandishi ya watumiaji yanayoanza na alama ya sawasawa, kwa kuwa Excel huweza kuyatekeleza kama fomula, na hilo ni tundu la usalama linalojulikana.

5.0 Msimbo na lebo

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Watakwimu husema kwamba vichwa vya safu vikibadilika kwa kila lugha, faili za Mbale na za Kampala hazitaweza kuunganishwa. Pingamizi hili ni la kweli, lakini lina jibu lililokwisha kutumika katika ukanda wetu.

KoboToolbox na Ona, programu mbili za kukusanya data zilizoandikwa kwa Python na zenye asili moja katika mradi wa formhub wa Chuo Kikuu cha Columbia, hutumia fomu za muundo wa XLSForm. Katika muundo huo kila swali lina jina moja lisilobadilika, ambalo ni la mashine, na lebo moja au zaidi kwa ajili ya wasomaji, kwa mfano safu iitwayo `label::Kiswahili (sw)`. KoboToolbox humwuliza mtumiaji, wakati wa kupakua, iwapo anataka majina ya mashine au lebo, na kwa lugha ipi. Data ni zilezile. Mhudumu husoma lebo, na mtakwimu huunganisha kwa majina ya mashine. Lahajedwali laweza pia kubeba vyote viwili, msimbo katika safu mlalo ya kwanza na lebo katika ya pili, mradi programu inayoipokea faili ielezwe hivyo.

Utengano huu una maana kubwa kwa Busiu. Kwa kuwa lebo haigusi data, hakuna sababu ya kiufundi ya kuchagua kati ya Kiswahili na Lumasaba. Faili ya kikao cha kijiji yaweza kuwa na lebo za Lumasaba, ile inayovuka Malaba kwenda kwa wenzao wa Kenya ikawa na za Kiswahili, na ile ya Wizara ikawa na za Kiingereza. Kiswahili hapa hakimnyang'anyi mtu lugha yake.

6.0 Faili na faragha

Faili inapotoka kwenye seva, ulinzi wa nywila huishia hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inahitaji taarifa binafsi zikusanywe na kutumiwa kwa kiasi cha lazima na kwa ridhaa au sababu ya kisheria. RapidPro, kwa mfano, huruhusu akaunti kuwekwa katika hali ambayo namba za simu hufichwa na nafasi yake kuchukuliwa na kitambulisho. Lugha ina sehemu yake katika suala hili. Onyo kwamba faili ina majina ya wagonjwa lina maana pale tu anayeipakua anapolielewa, na linapaswa kuwemo ndani ya faili yenyewe, kwa kuwa wengi watakaoipokea baadaye hawatakuwa wameuona ukurasa wa kupakulia.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala inapendekeza mambo matano.

Kwanza, mikataba ya ununuzi wa programu za umma itaje faili za kupakua, barua pepe za mfumo na majina ya faili kuwa sehemu ya tafsiri inayodaiwa, sambamba na skrini.

Pili, majaribio ya kupokelea programu yajumuishe kupakua kila aina ya faili kwa kila lugha, yakitumia majina yenye ŋ na ritifaa iliyopinda, namba za simu zinazoanza na sifuri, na saa za asubuhi.

Tatu, kila kumbukumbu iwe na jina la mashine lisilobadilika na lebo zinazotafsirika.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yaandae orodha ya vichwa vya safu sanifu kwa sekta za afya, elimu na biashara, vikizingatia ufupi na miundo isiyoyumbishwa na ngeli.

Tano, wanaisimu washirikishwe violezo vya sentensi vinapoandikwa. Wakiletewa orodha ya maneno baada ya msimbo kukamilika, makosa ya ngeli huwa yamekwisha kujengwa ndani yake.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kati ya hifadhidata na faili iliyo mikononi mwa mtumiaji kuna hatua kadhaa, na kwamba katika kila hatua mtu fulani, au mipangilio ya awali fulani, huamua lugha. Zana za Python zinazohitajika ili uamuzi huo ukipendelee Kiswahili zipo na ni huria. Kilichopungua ni agizo la kuzitumia, pamoja na maarifa ya kiisimu ya kuziongoza. Endapo sera ya mwaka 2022 itatekelezwa kwa kutafsiri skrini pekee, mhudumu wa Busiu ataendelea kusoma menyu kwa Kiswahili na kufanya kazi kwa lugha nyingine. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wahudumu wa vituo wanavyozisoma na kuzirekebisha faili hizo kwa mkono, kwa kuwa marekebisho wanayoyafanya kila mwezi ndiyo orodha ya kwanza ya mahitaji ambayo mtengenezaji wa programu angepaswa kupewa.